Kochi ya Watu Thelathini na Tatu

Jumapili, 23 Novemba

Nimepewa kazi! Mimi! Kipkemei, kifungua mimba wangu, alituita leo Milimani, mtaa wa wenye pesa, kwa nyumba ya rafiki yake Valarie, tupange koito yake, ile siku ya posa. Jumamosi tunapanda Olenguruone kumwomba Jepleting kwa wazazi wake. Wifi yangu Cheptanui amepewa blanketi na sukari za kubeba. Valarie, nyimbo na picha. Mimi, usafiri.

Kipkemei alinishika mkono. Akasema, Mama, kazi ni moja tu, tafadhali. Najua anakumbuka ile hema niliyokodi. Hema ilikuja. Nguzo ndizo hazikuja. Kwani mtu huulizia nguzo?

Baba ya Jepleting anaitwa Mzee Kibii. Alikuwa hedimasta miaka mingi. Ametuma neno: saa nne kamili. Ikifika saa nne na dakika moja, turudi mwaka ujao.

Kipkemei amesema matatu hataki, wazee watavunjika migongo. Tukodi kochi. Wote wakaitikia, eeh, kochi, kochi. Nikaitikia kuwashinda. Valarie akaniandikia orodha: ilale nyuma, iwe na mikanda, ije na dereva; zile nzuri, akasema, zina televisheni. Moyoni nikajiuliza, kochi ya nini, kwani kwa kina Jepleting hakuna viti? Sikuuliza. Cheptanui alikuwa ananiangalia. Huyo ukimuuliza kitu anakueleza polepole kama mtoto wa nasari.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimeelewa! Nilikuwa naosha sufuria, ikanijia tu. Siku hizi wenye nazo hawakai kwa viti vya gari. Wanawekewa makochi ndani, wanasafiri kama wako nyumbani. Ndiyo maana Valarie alisema zile nzuri zina televisheni! Kochi, televisheni. Nini imebaki? Vitambaa tu. Nitabeba vyangu vya kushona.

Jumanne, 25 Novemba

Nimempigia Kiarie, yule anakodisha vitu vya sherehe hapa Kaptembwo. Nikamwambia nataka kochi ya watu thelathini na tatu. Akauliza kama nimesema thelathini na tatu. Nikasema ndiyo, na niko na orodha ya mtu wa Milimani, asicheze.

Nikamsomea. Ziwe za kulala nyuma. Akasema hiyo iko moja tu, nyeusi, ya ngozi. Ziwe na mikanda. Akauliza mikanda ya nini. Nikasema ya kufunga watu. Akauliza kama wageni wangu ni watu wa kunywa. Nikamwambia ni watu wa kanisa! Ije na dereva. Akasema dereva yuko, anaitwa Jerry, na vijana wa kubeba. Zimefungwa vizuri kwa gari? Akasema kwa kamba, mama, hata upepo uje.

Seti tano, kila moja ya watu saba. Watu thelathini na tano. Nafasi mbili zitabaki. Hapo nitaweka mayai.

Jumatano, 26 Novemba

Cheptanui amekuja bila kuitwa. Akakunywa chai yangu vikombe vitatu ndipo akasema anajua dereva wa basi ya kanisa, na hiyo basi Jumamosi iko bure. Nimpigie? Nikamwambia asante wifi, basi ni ya watoto wa Sunday school, sisi tunaenda na kochi. Akasema haya, nikikwama nimwambie. Nikwame! Nikamwongezea kikombe cha nne ili anyamaze.

Ijumaa, 28 Novemba

Kipkemei amepiga simu mara tatu. Kochi iko? Iko. Inatosha wote? Inabaki nafasi mbili. Inalala nyuma? Moja inalala, nyeusi, ya ngozi. Akacheka kwa furaha. Akasema, Mama, nilikuwa na wasiwasi bure. Nikalia kidogo kwa kitambaa.

Nimechemsha mayai arobaini. Nimebeba sweta saba, za wale watajifanya hawasikii baridi. Mursik, maziwa yetu ya mgando, iko kwa kibuyu. Niko tayari.

Jumamosi, 29 Novemba, asubuhi

Lori.

Imekuja lori. Lori wazi, ya kubeba mchanga, makochi yamejaa juu. Ya maua, ya bluu, ya rangi ya maziwa. Watu thelathini na mbili wamesimama kwa geti yangu na suti. Wote wananiangalia. Nimekimbilia choo na hii daftari. Kipkemei anabisha mlango.

Jumapili, 30 Novemba

Wacha niandike yote kabla nisahau.

Nilitoka choo. Kipkemei hakupiga kelele, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kochi ni basi. Basi kubwa, ya safari. Kwa Kizungu. Nikamwambia kama ni basi, basi angesema basi! Valarie akageuka akaangalia ukuta, mabega yakitingika.

Kwa aibu nikamwomba Cheptanui apigie yule dereva wa kanisa. Akapiga. Basi ilikuwa imeshabeba kwaya, iko njia ya Naivasha. Saa ilikuwa saa moja kasoro. Uso wa Kipkemei ulikuwa kama jivu. Nikamwona vile alikuwa akiwa na miaka sita, siku niliyomsahau kwa posho mill nikienda kusaga unga. Nikaanza kuomba ardhi inimeze, lakini inimeze polepole, nina mayai mkononi.

Ndipo Mzee Kimeli, ndugu mkubwa wa mume wangu na ndiye msemaji wetu, akakohoa. Akapeana fimbo yake kwa Jerry, akapanda lori, akakaa kwa ile nyeusi, akavuta kitu hapo kando. Ikalala. Miguu ikainuka juu. Akasema, mnangoja nini, twendeni.

Tukapanda wote.

Njoro, wanafunzi walitoka kwa hosteli na simu zao. Mmoja akapiga kelele, niaje mathe, kwani mmefukuzwa na landlord? Mzee Kimeli akawapungia mkono kama gavana. Molo, kofia ya Cheptanui ikaruka, ikaenda na upepo, hatujaiona tena. Nikampa sweta na yai. Akakula akiniangalia vibaya. Halafu akaomba lingine. Mbele kidogo Valarie akaanzisha wimbo, na watu wakiimba wamekaa kwa makochi wanaimba vizuri, hakuna anayechoka.

Tulifika saa nne kasoro dakika tatu. Mzee Kibii alikuwa kwa geti na saa yake mkononi. Akaangalia saa. Akaangalia lori. Akaangalia Mzee Kimeli akishuka kutoka kwa kochi.

Akauliza, mmejua aje?

Hatukujua kitu! Kumbe viti vyao vya kukodi vilikwama kwa matope huko Keringet tangu asubuhi. Wazee wa kwao walikuwa wamekaa kwa mawe na ndoo. Wote wakageuka kwangu. Nikasema, mama hujua.

Vijana wakashusha seti zote. Nikatandika vitambaa vyangu. Mzee Kibii akapewa ile nyeusi. Alikuwa na kurasa mbili za maswali ya kumwuliza Kipkemei, ameyaandika kwa wino nyekundu. La kwanza likapita. La pili, Kipkemei akatoa jasho. La tano, mpwa wake mmoja akaja kumwonyesha ile kitu ya kando ya kuvuta. Kochi ikamlaza. Swali la sita lilianza na "Kijana, ikiwa" na halikuisha. Akakoroma.

Tukangoja. Mama ya Jepleting akachukua karatasi polepole kutoka kifuani mwa Mzee, akazikunja. Akasema mtihani umeisha, kijana amepita. Vigelegele! Mzee hakuamka hata kwa vigelegele.

Hakuamka hata tulipokuwa tunaondoka. Jerry alitaka kubeba kochi yake. Nani amwamshe hedimasta? Hakuna. Imebaki Olenguruone, na yeye ndani. Kipkemei ataongea na Kiarie. Kabla hatujapanda alinikumbatia mpaka nikaishiwa pumzi. Akasema, Mama, wewe! Hakusema mimi nini. Lakini alikuwa anacheka, na Jepleting pia.

Cheptanui anasema usafiri wa arusi ni wake. Achukue. Mimi nimeshaonyesha njia.

Jumanne, 2 Desemba

Kazi nyingine! Valarie amepiga simu. Mwezi ujao wanawake ishirini watakuja hapa kwangu na keki na zawadi, kumfanyia Jepleting braidal shawa. Akauliza kama najua hiyo ni nini. Nikamwambia, Valarie, mtoto wangu, mimi ni wa jana?

Bafu yangu ni ya karai na kikombe, aibu tupu. Nimemwita Ogola, fundi wa bomba, anaanza kesho. Nimemwambia aweke shawa mbili, za maji moto. Wakipanga laini vizuri, mpaka jioni watakuwa wameoga wote.