Changu wa Karamu ya Bi Mwanaheri

Jumatano, 5 Oktoba 1994

Neema imeshuka! Bi Mwanaheri, mama yake Raudha, kaniagiza samaki changu wa karamu ya arusi ya mwanawe wa kiume Jumamosi. Mie, Twaha, muuza samaki wa Mwenge! Si mwenzangu Isack na lile sanduku lake la barafu analojivunia kama kalizaa mwenyewe. Posa yangu kwa Raudha haijajibiwa mpaka leo. Bi Mwanaheri kasema karamu ikipita salama, nitajibiwa. Nimeelewa.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nimekwenda Kunduchi alasiri, si alfajiri kama wajinga wengine. Alasiri samaki waliobaki huenda kwa bei ya kutupa. Nimejaza tenga zima. Barafu sikununua. Ya nini, na dada Rukaiya ana friza pale Kinondoni? Kaniuliza kama najua zamu ya mgao wa umeme. Nimemwambia asiniletee nuksi.

Ijumaa, 7 Oktoba

Nuksi! Umeme ulikatika jana magharibi, umerudi leo adhuhuri. Macho ya samaki yamedidimia, mashavu yamekuwa ya kahawia, na harufu, we acha tu. Rukaiya kaziba pua kwa khanga, kaniambia nikawafukie. Niwafukie na Raudha wangu?

Nikaenda kwa Polikarpo, mchonga vinyago, kupunguza mawazo. Nikamkuta anapaka dawa nyeusi ya viatu kwenye mti mweupe. Kesho mzungu atanunua mpingo. Akili ikafunguka! Watu wetu hununua samaki kwa kufunua mashavu. Yakiwa mekundu wanalipa, yakiwa meusi wanatukana. Nimenunua ubuyu wa watoto, nimeuchemsha, nimepata rangi nzito nyekundu. Nimepaka kila shavu kwa brashi ya Polikarpo. Kisha ndimu kwa wingi. Wamependeza kuliko walipokuwa hai.

Jumamosi, 8 Oktoba



Asubuhi nimefikisha tenga. Bi Mwanaheri kafunua shavu moja, kanisifu mbele ya wanawake wote. Raudha katabasamu. Nikajiona mkwe tayari.

Kipande cha kwanza kilipotoka kwenye mafuta, Bi Mwamvita, bibi yake Raudha, akaanza kukipuliza ampe kitukuu aliyempakata. Kitoto cha kutambaa! Nilipanga mengi, hilo sikulipanga. Roho iliniruka. Nilishtukia nimekipokonya mkononi mwa bibi wa watu. Bi Mwamvita akaniuliza nimeingiwa na nini. Kwa aibu nikakitia mdomoni, nikasema naonja chumvi.

Ndipo mama mmoja akapiga ukelele. Sisimizi! Mstari mrefu, kutoka ukutani hadi ndani ya mashavu ya changu. Ubuyu una sukari, na mie sikuwaza. Na nani anabisha hodi? Lusungu, Bwana Afya, ambaye msimu huu wa kipindupindu hupita kila penye shughuli kuangalia kama maji yamechemshwa na watu wananawa. Kafunua shavu, kapangusa, kidole kikatoka chekundu. Kaniuliza tangu lini changu wa baharini akafuatwa na sisimizi. Waliokaangwa na wabichi, wote wamemwagiwa mafuta ya taa, wakafukiwa. Na karamu kaiokoa nani? Isack na sanduku lake!

Jumapili, 9 Oktoba

Chooni tangu alfajiri. Naandikia humu humu. Kipande kimoja tu! Lusungu kanitembelea na maji ya chumvi na sukari, kanihubiria akiwa nje ya mlango. Kwamba samaki anataka barafu tangu anapotoka majini. Kwamba akishaharibika, ndimu na mafuta ya moto haviondoi sumu yake. Nimeitikia kila neno kwa kuguna.

Nikamuuliza kuhusu mtoto. Kasema anacheza. Bibi mzima, Raudha mzima, hakuna mwingine aliyeugua. Hakuna hata mmoja! Nimelia, na sioni haya kuandika hivyo. Alhamdulillahi. Nimeapa sirudii tena.

Jumanne, 11 Oktoba

Nimepona! Nimekula uji, umetulia. Na kuna zaidi: Bi Mwamvita kawaambia wanawe kwamba mtu aliyekubali kula sumu ili mtoto asiile hawezi kuwa mbovu mzima. Posa haijakataliwa! Bi Mwanaheri kaweka sharti moja tu. Kila asubuhi, kabla sijauza, Lusungu afunue mashavu ya samaki wangu mmoja mmoja, na siku atakapokuta uchafu, nisikanyage tena kwao. Nimekubali papo hapo. Nimembusu mikono. Nimetoka pale mwepesi, natamani kuimba.

Alasiri nimepitia Kunduchi. Bei ya kutupa! Barafu sikununua. Kesho nauza samaki wasio na vichwa.