Kengele ya Kuchunga Fromage

Karuba, Jumatatu, tarehe 4 Machi 2013

Leo nimemaliza mashini yenye hata Wazungu hawajaivumbua. Kichwa changu peke yake!

Haya, siyo peke yake. Kengele isiyo na waya nilinunua kwa duka ya jirani yangu Mbusa: bouton unaifinya huku, sauti inatoka kule. Kadude ka kusikia joto nilitoa mu frigo yenye kufa ya misioni. Lakini nani aliviunganisha? Mimi!

Vita imefunga barabara ya Sake, ya kupeleka vitu soko. Fromage, jibini za muke wangu Vestine, zimejaa chumba cha nyuma, na njo mali yetu yote. Chumba kikipata joto, zinaoza. Sasa joto likipanda, kadude kanafinya bouton, kengele inalia mu salon, chumba cha kukaa, nafungua madirisha. Kukiwa baridi, haikuli pile, betri zake, hata kidogo. Inalala tu. Vestine amesema imefanana na baba yake, maana yake mimi.

Jumanne, tarehe 5

Imelia. Nimekimbia. Chumba baridi kama tumbo la chura! Imelia tena. Nimekimbia tena. Ole, magoti! Vestine ameuliza kama makundi ya musituni sasa yanaandikisha wazee.

Sababu nimeipata: Mbusa ameweka kengele ya namna ileile ku mulango wa duka. Muteja akifinya kule, mimi nakimbia huku.

Jumatano, tarehe 6

Nimemuambia Mbusa aondoe yake. Amejibu eti Papa Benoît, ondoa yako, mimi niko na wateja, wewe uko na maziwa ya kuganda. Nimemuita mwenye choyo. Ameniita daktari wa frigo marehemu.

Nimetoa pile mu kengele ya salon. Magoti nayo yana haki. Vestine sikumuambia.

Alhamisi, tarehe 7

Jua kali, manjanja, mabati ya nyumba, yanalia. Vestine ameenda shamba. Mimi nachunga. Yaani nafikiri, macho yamefungwa.

Mara Mbusa mulangoni, rozari mukononi! Kengele ya duka inalia na hakuna muntu. Ao ni shetani, amesema, ao ni Papa Benoît. Ameona aanze na mimi.

Chumba cha nyuma: tanuru! Fromage zinatoka jasho. Madirisha! Maji chini! Tumepepea na shuka za kitanda. Vestine amerudi, ametukuta kama tunapepea askofu. Amefinya fromage moja moja na kidole. Nzima. Zote nzima! Amekaa chini, amecheka mupaka machozi. Mimi njo nimepumua.

Ijumaa, tarehe 8

Mashini inatumika! Bouton yangu imeliza kengele ya duka, imeita muntu, muntu amekuja. Kama huyo muntu ni Mbusa, vizuri zaidi: miguu yake ni mizima. Pile sirudishi. Kesho nafunga mashini nyingine karibu na sufuria ya maharage, Mbusa atakuja kuepua.

Na wewe Mbusa, siku ya masasi, risasi zikilia kila upande, nilificha mbuzi wako chini ya kitanda changu, akakula godoro. Basi ukija kwa maharage, pitia na chumvi kidogo.