Nahodha Asiyehudhuria Misiba

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mwezi wa kumi na tano tangu nitoke nyumbani. Tunduma ni ileile, upepo na vumbi. Kiuno kimekwisha.

Habari kubwa: nimepata kiti!

Si kiti hasa. Ni gunia la maharage lililolazwa. Lakini nimelikalia mchana kutwa huku Clever na wabebaji wengine wakipita mbele yangu wameinama, na sijawahi kukalia kitu kitamu namna hiyo.

Ilikuwa hivi. Dereva mmoja wa lori alikaa kwenye foleni ya mpakani hadi akamaliza kusoma kila alichokuwa nacho, akanigawia kitabu. Jalada halipo, jina halijulikani. Ni hadithi ya zamani ya Wazungu, imetiwa Kiswahili. Nahodha mmoja ana meli inayokwenda chini ya bahari, na ameapa kutokanyaga nchi kavu tena. Shule niliishia darasa la saba, lakini kusoma kwa sauti hakuna aliyenipita. Nikawa nawasomea akina mama wanaochambua maharage hapa ghalani, saa ya chakula. Lusajo, msimamizi wetu, akagundua kwamba nikisoma hakuna anayetoka, hakuna anayegombana, na mikono inakwenda. Leo akaniambia nisibebe, nisome.

Akina mama wana maswali. Fausta, mdogo kuliko wote na mwenye mdomo kuliko wote, alitaka kujua wanaume wote hao humo ndani anawafulia nani. Nikasema kitabu hakijasema. Akasema basi hiyo meli inanuka.

Mama Imelda, mkubwa wao, ni mtu wa kanisa. Yeye alisikiliza mpaka mwisho wa sura, akapuliza makapi kwenye ungo, akauliza: huyo nahodha huwa anakwenda kwenye misiba? Nikasema atakwendaje, naye yuko chini ya maji? Akatikisa kichwa. Akasema hilo ndilo tatizo lake, mengine yote ni matokeo.

Jioni mke wangu Tukuswiga alipiga simu. Jumapili binti yetu Nesta anapata kipaimara. Anauliza nakuja? Nikasema nakuja, mama Nesta, kwa nini nisije. Akasema hata mwaka jana kwenye mavuno nilisema hivyohivyo.

Hajui. Niliondoka nikitangaza kijiji kizima kwamba nitarudi na mabati. Nitashukaje mikono mitupu, na nyumba imeezekwa nyasi, na majirani wamesimama wanatazama? Nyumbani ni mbali. Ni mbali sana.

Jumanne, 10 Juni

Balaa! Nimehesabu kurasa zilizobaki. Kesho kitabu kinaisha, keshokutwa narudi kubeba.

Usiku kucha nimefikiri. Asubuhi nikapata jibu: nitakirefusha. Nani atajua? Kitabu ninacho mimi.

Basi mchana, nahodha alipotakiwa kwenda kusini kwenye barafu, nikamgeuza. Nikampitisha kwenye mto wa chini ya ardhi, akaibukia Ziwa Rukwa. Nilikuwa natazama ukurasa kwa makini na kufunua kurasa ipasavyo. Nikaweka humo viboko, mamba, na wavuvi waliokimbia wakaacha nyavu. Akina mama walifurahi kupita kiasi. Mama Imelda alisema yeye siku zote alijua mle Rukwa mna kitu. Mwingine akauliza kama nahodha alinunua samaki wa kukausha, maana wa Rukwa ni watamu kuliko wa baharini. Nikasema alinunua. Mafungu mawili.

Clever akatua mzigo. Clever huyu aliwahi kuishi Dar es Salaam mwezi mmoja kwa shemeji yake, na tangu hapo bahari ni mali yake. Akasema mbele ya watu wote kwamba bahari na Rukwa havikutani popote. Nikamuuliza kama amewahi kuingia chini kuangalia. Akasema hapana. Nikasema basi tumsikilize aliyeingia. Fausta akapiga makofi.

Clever anakitaka kiti changu. Naona jinsi anavyolitazama lile gunia.

Jumatano, 11 Juni

Siku ya pweza.

Sijawahi kusoma vile. Nilisimama juu ya gunia. Pweza mkubwa kama ghala anaikamata meli, mkono mmoja unaingia mlangoni, unamnyanyua baharia, baharia analia kwa lugha ya mama yake. Fausta alipiga yowe, ungo ukamtoka. Mwingine alilia kweli. Mama Imelda alifumba macho na kumwombea yule baharia kwa jina la Bwana. Mikono ilikuwa inakwenda, naapa, lakini macho yote yalikuwa kwangu.

Nikanyamaza kidogo, wasikie uzito. Ndipo Clever akasema pweza anauzwa barabarani kule Dar, wanamkatakata, wanamtia pilipili, unamchoma kwa kijiti. Yeye amekula. Ni mgumu kidogo, lakini ukizoea!

Wote wakamgeukia Clever. Halafu Fausta akauliza kama ana mifupa. Halafu wakaanza kujadili kama angefaa na ndizi au na ugali. Pweza wangu! Nilitamani amle Clever.

Hata hivyo siku imeisha vizuri. Magunia yameshonwa, lori limevuka jioni kwenda kwa mnunuzi wa Nakonde. Lusajo alinipiga begani. Akasema mzigo ukipokelewa, Jumamosi ana ruhusa ya kunipa niende kwenye kipaimara.

Nikamshika mkono kwa mikono miwili. Nikasema asante.

Alhamisi, 12 Juni

Lori limerudi. Na maharage yote.

Mnunuzi alifungua gunia la kwanza: mawe. La pili: mawe na udongo. La tatu: mawe, udongo na hereni ya Fausta. Alimtukana Lusajo kwa Kibemba, kisha kwa Kiingereza, kisha akamtafutia Kiswahili ili asikose kuelewa. Ni magunia ya jana mchana yote. Ni magunia ya pweza.

Lusajo hakupiga kelele, ndiyo mbaya. Alichukua kitabu mikononi mwangu akakitia kwenye koti. Akasema kila gunia lililorudi nitalishusha mimi. Yachambuliwe upya, na hakuna mtu kwenda popote mpaka mnunuzi aridhike.

Nikaanza kushusha. Gunia la nne niliona nyota mchana. Nilipogeuka kuchukua la tano, halikuwepo. Lilikuwa mgongoni kwa Clever. Hakusema kitu, alitukana tu. Alimtukana nahodha, akamtukana pweza, akanitukana mimi na ukoo wangu, na akabeba nusu ya lori. Sielewi anapanga nini. Lazima nimchunge.

Akina mama walichambua bila kunitazama. Baadaye Fausta, hereni yake sikioni, aliuliza kipaimara kiko wapi. Nikasema nyumbani, mbali. Mbali wapi? Nikasema Ibaba, huko Ileje.

Nyungo zilisimama.

Mama Imelda akauliza: Ibaba hii hii? Akasema mdogo wake huenda kuchukua viazi huko. Analala kwa watu usiku mmoja, anarudi. Fausta akaniuliza kama nilikuja kwa kutambaa. Walicheka mpaka vumbi likapanda.

Nikasema hawaelewi. Barabara ni mbaya. Kuna milima. Nikajikuta nawaeleza habari za mabati bila kukusudia.

Hapo hakuna aliyecheka.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi Mama Imelda alisema amemfikiria nahodha usiku mzima.

Anasema yule mtu haichukii nchi kavu hata kidogo. Mtu anayechukia hachungulii, naye kila sura anachungulia. Yule ana aibu. Aliondoka kwao akiwaahidi kitu, hakukipata, siku zikapita, sasa kila akiona ufuko anazamisha meli. Nikamwambia kitabu hakisemi hivyo. Kitabu kinasema alidhulumiwa. Akasema kitabu kimeandikwa na mwanaume.

Fausta akauliza: na mke wa nahodha je, anataka mabati au anamtaka nahodha?

Nikamwambia nahodha hana habari za mabati. Nikaenda nje kutazama malori.

Wamechambua siku nzima kwa namna ambayo sijaiona. Hakuna soga, hakuna wimbo. Ukiangusha jiwe unasikia. Kila nikipita na gunia Mama Imelda aliwahimiza: fanyeni haraka, nahodha ana safari. Sasa wote wananiita hivyo, hata Clever. Saa tisa mnunuzi alikuja mwenyewe, akatia mkono mpaka kwenye kwapa, akatoa maharage matupu. Akaitikia kwa kichwa.

Lusajo akanipa ruhusa mpaka Jumanne. Mama Imelda akanipa kitambaa cheupe cha kichwa, kipya, kimekunjwa vizuri, cha Nesta kuvaa kanisani. Kasema wamekitoa wote. Akasema nisimwambie Tukuswiga chochote kuhusu mabati mpaka nimeshakaa na kula.

Lusajo alinirudishia kitabu pembeni, watu wasione. Alikuwa amekisoma chote. Alikuwa na hasira. Akaniuliza sura ya Rukwa iko ukurasa wa ngapi.

Nikamwambia katika nakala hii huenda haikuwekwa.

Jumamosi, 14 Juni

Itumba, saa kumi na moja jioni. Milima ya nyumbani naiona! Moshi naona. Ningekuwa na sauti ya Mama Imelda ningemwita Tukuswiga kutoka hapa.

Clever alinisindikiza mpaka kwenye gari asubuhi, akashika mlango mpaka likaondoka, kama polisi. Nimefika Itumba saa sita. Pikapu ya kupanda Ibaba ilikuwa inasubiri abiria. Dereva alisema bado kidogo.

Sasa, kando ya pale kuna ghala la viazi. Akina mama wanachagua, wakubwa huku, wadogo huku. Nikakaa kivulini kusubiri. Nikafungua kitabu, nisome peke yangu tu, kimyakimya. Lakini mimi kimya nilikishindwa tangu shule. Mmoja akauliza ni Biblia? Nikasema hapana, mama, ni meli inayokwenda chini ya maji. Akauliza maji yanaingilia wapi. Swali zuri! Ningemwachaje mtu na swali kama hilo?

Wakanipa kiti. Kiti cha kweli, chenye mgongo. Msimamizi wao alisimama mlangoni muda mrefu akiangalia jinsi mikono inavyokwenda, akaniuliza mimi hufanya kazi wapi.

Hapa nimefikiri. Kiti hapa, nyumbani pale juu, hakuna kubeba, na kwa mwendo huu mabati yanapatikana kabla ya Krismasi. Sijui kwa nini sikuona mapema.

Pikapu imeondoka. Wanasema ilipiga honi. Mimi sikusikia, pweza alikuwa ameshika mlango.

Tukuswiga kapiga. Nikamwambia niko Itumba. Akasema Nesta amekaa barabarani tangu saa nane, amekataa kula. Nikamwambia amwambie mtoto aingie ndani, kuna baridi, baba yake anafika.

Na nafika. Nimeongea na kijana wa bodaboda, anapanda alfajiri. Kesho kabla ya kengele ya kwanza nitakuwa nimekaa benchi la mbele, nimevaa shati safi, na watasema Nesta ana baba. Hilo halina mjadala.

Nilikuwa namfikiria nahodha. Mjinga yule. Nchi kavu ilikuwa palepale anaiona, watu wamewasha moto wanamsubiri, na bado alipata sababu ya kuzama. Mtu kama huyo humsaidii.

Wananiita. Wana viazi vya kuchagua mpaka asubuhi na wameomba sura moja tu, ile ya Rukwa niliyowadokezea. Ni fupi ikisomwa haraka. Kitambaa cha Nesta nimekitia katikati ya kurasa, nisipoteze mahali.

Kesho alfajiri, mama Nesta. Bila kukosa.