Setilaiti ya Mwavuli, Ndanai

Jumatano, 6 Agosti 2025

Setilaiti imeisha! Mwavuli mkubwa wa Mama, ndani nimebandika foili ya pakiti za majani chai. Mama hajajua bado. Ile ya ukweli itakaa angani juu ya mawingu, ikusanye jua mchana na usiku, itume stima mpaka hapa Ndanai. Hii ya kujaribu itakaa juu ya mti wa bluugamu, imulike kapaneli kadogo chini, balbu iwake. Nimejisomea yote kwa simu!

Mama amesema mwisho ni Jumamosi. Balbu isipowaka, Jumatatu nashika kikapu nichume chai kama watu wengine. Mimi! Injinia!

Alhamisi, 7 Agosti

Wachira wa duka la sola amesikia. Ananiita Mama Mwezi. Ati Jumamosi analeta paneli yake, tuone ya nani itawasha balbu mbele ya Orina, yule lekchara wa chuo kikuu hununua maziwa kwetu. Nikamwambia akuje tu.

Kumbe niko na akili! Mvua ya huku hungoja saa nane. Kwa hivyo mimi asubuhi na jua, Wachira baada ya chakula. Programu ya siku nimeandika mwenyewe. Ha!

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeomba Mama apike chai kidogo, lekchara ajisikie vizuri. Kaka Kipyegon amepanda mti kufunga mwavuli. Akauliza kama huko angani pia kuna siafu. Mjinga.

Jumamosi, 9 Agosti

Weh! Watu wamefika mapema, jua kali. Nikasimama. Mama akanikalisha, ati mgeni haonyeshwi kitu na koo kavu. Chai. Mzee Lazarus wa kanisa akaiombea chai, akaombea ng'ombe, akaombea na anga nisiiharibu. Kikombe cha pili. Kila mtu akajitambulisha, na kwao, na aliyemwoa. Lekchara akaomba cha tatu! Kufika zamu yangu, ngurumo. Giza. Balbu haikuwaka hata kidogo.

Wachira akabonyeza swichi, yake ikawaka. Kumbe paneli ilikuwa inajaza betri tangu asubuhi, sisi tukinywa chai. Huo ni wizi!

Halafu mvua ya mawe. Lekchara akauliza kama ule mwavuli wa mtini uko na mwenyewe. Mama akaangalia juu. Akautambua. Akaniangalia mimi. Akamwambia mgeni aende nao tu.

Jumapili, 10 Agosti

Mama amenyeshewa akienda kanisa. Haniongeleshi. Lakini setilaiti yangu iko chuo kikuu! Nani mwingine hapa Ndanai amefikisha kitu huko?

Jumatatu, 11 Agosti

Shambani. Kikapu mgongoni, umande mpaka kiunoni. Nimejifunza: kosa lilikuwa la mti. Na siku nyingine maombi marefu yawekwe kwa zamu ya Wachira, tena mawili.

Halafu nikaangalia kikapu vizuri. Si ni dishi la setilaiti kabisa! Nimemwaga majani, nabandika foili iliyobaki mfukoni. Jua limetoka.

Mama pia.