Pete Iliyonasa Dirishani

Jamani, nimeaibika leo, na aliyeshuhudia ni mwalimu wangu wa fizikia.

Mnajua nilivyozurura. Nilimaliza kidato cha nne, nikaparamia meli bandarini Kilindini, sikuaga mtu. Mwalimu alikuwa amenitafutia nafasi ya kuendelea na masomo. (Hata ahsante sikumpa.) Miaka mingi baadaye nikawa mchomeleaji Ulaya, katika karakana ya wahandisi wanaobuni tanuri la nyuklia la kuunganisha atomi, kama lifanyavyo jua. Tanuri lina umbo la pete, limezingirwa na sumaku kubwa za nyaya. Taabu yake, kifaa cha ndani kikichakaa hakitoki, sumaku zimekizunguka. Basi wakawa wanabuni sumaku zenye viungo: unafungua nati, unatoa kifaa, unarudisha.

Niliporudi Mji wa Kale nikamwahidi Mwalimu mfano wa tanuri hilo kwa kipindi chake cha mwisho. Leo anastaafu. Nilitaka ajue kwamba sikupotea bure.

Jana nikatundika nusu ya pete ya mfano huo kwenye nondo ya dirisha la dada yangu, Mwanaisha, nipate kufanya kazi kwa mikono miwili. Nusu ya pili nikaiunga kwa chini, kwa nati. Nati zikawa zinacheza. Nikaona usumbufu, nikachomelea kotekote. Safi! (Nikajipongeza kwa chai.)

Asubuhi nikaivuta. Haitoki.

"Kaka," dada akasema, "si nondo imepita katikati?"

"Nitaikata nondo."

"Dirisha la marehemu baba? Thubutu!"

Nikaenda shuleni mikono mitupu. Mwalimu akanisikiliza, akachukua mkongojo wake, akaja na darasa zima! Wakajaa kichochoroni. Majirani nao wakatoka.

"Yakhe, laoka mikate ya mofa hilo tanuri?" mmoja akauliza.

Mwalimu akaigusa pete kwa mkongojo.

"Uliniambia inafunguka. Viungo viko wapi?"

"Nimevichomelea, Mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Ulikuwa na haraka?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kama siku ile ya meli."

(Afadhali angenichapa.)

Akanipa mkono, akaondoka polepole na wanafunzi wake.

Msinicheke, tafadhali. Mwanafunzi wake wa mwisho kufeli ana miaka arobaini na sita, na anawaandikia haya kutoka duka la kompyuta Bondeni kwa sababu nyumbani dirisha halifungiki, na kila apitaye anachungulia.