Uzi wa Kioo Kwenye Kihenge Changu

Jumatano, 9 Julai

Mwanangu Yusto amefika kutoka chuo Mbeya. Mwili umepungua, akili imenenepa. Nimemchinjia jogoo. Majirani wote walimsikia jogoo akilia, nilihakikisha.

Ameleta uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, na mashine ya kuusoma. Anasema mabawa ya ndege siku hizi si bati tupu, ni vitambaa na gundi, tabaka juu ya tabaka. Yakipasuka ndani, kwa nje huoni kitu. Kwa hiyo wanalaza uzi humo humo na kupitisha mwanga. Bawa likiumia mwanga unayumba, na mashine inasema limeumia wapi na saa ngapi. Nikamuuliza kama ni mambo ya udongo na majani tunayokandikia kihenge cha mahindi. Akasema nimepatia, ni ukoo mmoja. Ukoo mmoja! Na mimi niliishia la saba tu.

Sasa kihenge changu kina ufa. Nakandika, unarudi. Mahindi ya mwaka mzima yamo ndani, na fukusi wanaingia kama wanawahi misa ya kwanza. Mhalifu namjua. Ng'ombe wa Scola, yule wa pembe moja. Anakuja kujikuna.

Alhamisi, 10 Julai

Nimemshtaki Scola kwa mjumbe, Mzee Teodori. Scola ni jirani yangu, mke wa Masunga, wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga. Akasema ng'ombe wake ana adabu kuliko watu wengine wa hapa kijijini Milanzi. Aliniangalia mimi.

Nikawaambia mwanangu ana mashine itakayomtaja mkosaji kwa saa na dakika. Mzee akaamua mashine iseme. Ng'ombe akitajwa, Scola atakandika kihenge kizima peke yake Jumapili, jumuiya yote ikiangalia. Asipotajwa nitakandika mimi, na nimwombe ng'ombe radhi. Hilo la radhi kaongeza Scola. Nimekubali. Yusto nitamweleza baadaye.

Ijumaa, 11 Julai

Yusto amekataa, eti uzi ni mali ya chuo. Nikalia kiasi. Akatoa mita ishirini.

Alipotoka kwenda sokoni sikumsubiri. Nikaenda kwa Scola kuomba kinyesi cha ng'ombe cha kuchanganyia udongo. Akanipa ndoo mbili huku anacheka. Acheke! Namtega ng'ombe kwa mavi yake mwenyewe.

Nikauzungusha uzi, nikaukaza kwa fundo kama tunavyofunga fito. Ukakatika. Nikaunga kwa fundo lingine. Yusto akarudi, akashika kichwa. Kumbe kioo hakipigwi fundo, na hata kwenye kona kali mwanga unatoroka. Nikamwambia huo mwanga haukulelewa vizuri. Tukabandua, akalaza kipande kizima kwa mizunguko mipana, nikakandika juu yake. Mashine ikasoma. Mtoto wangu!

Saa kumi nimempigia mdogo wangu Agnesi wa Muze nimweleze. Mtandao unakamata vizuri hapo kihengeni tu. Tumeongea saa nzima.

Jumamosi, 12 Julai

Ng'ombe haji. Nikamwekea chumvi chini ya kihenge. Akaja, akalamba, akaondoka bila kugusa ukuta. Kafundishwa huyo.

Nimempigia Agnesi kulalamika. Halafu Mary wa kwaya. Halafu wifi yangu wa Wampembe, ambaye alikuwa hajui Yusto anatengeneza ndege.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa uani kwangu pamejaa. Nimevaa kitenge kipya. Yusto akafungua mashine, akaitazama, akataka kuifunga tena. Mzee Teodori akamwambia asome, mwanaume haogopi ng'ombe.

Akasoma. Ijumaa, saa kumi na dakika tano mpaka saa kumi na moja na dakika kumi, uzito mkubwa umeegemea, kimo cha mgongo. Jumamosi mara tatu, palepale kwenye ufa. Scola akauliza ng'ombe gani anaegemea ukuta akiwa amesimama kwa miguu miwili.

Yusto akasema taratibu, "Mama, hizo ni saa ulizokuwa kwenye simu."

Kisha akaonyesha na vilima vidogo vidogo kwenye kioo cha mashine. Eti ndipo nilipokuwa nacheka. Nilimzaa mwenyewe huyu!

Scola akanishika bega. "Pole dada. Kumbe sifa za mtoto zina kilo."

Mzee Teodori alicheka mpaka akakaa chini.

Nimekandika kihenge kizima, na kitenge kipya mwilini. Nimemwomba ng'ombe radhi. Alikuwa anacheua, hakujibu.

Jumatatu, 14 Julai

Nimefikiri vizuri. Mashine ya mwanangu imesema kweli mbele ya watu hamsini, na mzazi haikumwogopa. Chuo kizima hakina nyingine kama hiyo, nina uhakika. Agnesi lazima ajue.

Kihenge bado kibichi, sikukiegemea. Mimi ni mtu wa kuelewa. Nimezunguka na simu nikakuta mtandao unakamata pia nyuma ya jiko la Scola, kwenye ukuta wa udongo, na kivuli kipo. Nikaegemea. Tumeongea saa mbili, tumecheka sana.

Jioni Scola amekuja analalamika jiko lake limepata ufa.

Nimemshauri amwangalie yule ng'ombe.