Gitaa la Nyuzi Mbili

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Mdomo wangu utaniponza. Fundi cherehani anahama barazani, anaingia chumba chake mwenyewe, ukuta kwa ukuta na duka la vifaa vya ujenzi ninakouza misumari. Ufunguzi Jumamosi. Akauliza nani atapiga muziki. Kinyozi alishafungua kinywa chini ya ule mustachi wake. Nikamwahi. Nikasema gitaa liko damuni mwangu. Fundi akacheka vizuri, akasema basi mimi nipige, yeye ataimba. Kinyozi akanipongeza. Mnafiki. Miaka miwili anampigia binti huyu gitaa dirishani. Mwaka huu mmoja wetu atampata fundi, na si yeye.

Sijawahi kushika gitaa.

Jumanne, tarehe 4
Nimenunua gitaa la umeme, la mtumba. Nimelipapasa asubuhi nzima, limenuna. Mtaani anayejua kufundisha ni mmoja tu: kinyozi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamwendea, nikamwambia mpwa wangu anaanza gitaa, anioneshe mimi nikamwelekeze. Mpwa sina. Dada yangu ninayeishi naye hajazaa.

Kinyozi akamwacha mteja na nusu kichwa, akanionesha. Anayeanza, akasema, aanze na pawakodi. Kidole cha shahada kwenye uzi mnene kuliko zote, kidole cha pete kwenye uzi unaofuata, ukihesabu vyuma vya shingoni, viwili mbele. Unapiga hizo mbili tu. Ukitaka sauti nyingine vidole usivibadili, sogeza mkono mzima. Akasema hazina furaha wala huzuni, zinaingia wimbo wowote.

Vidole viwili! Miaka yote hii anatuvimbia kwa vidole viwili.

Jumatano, tarehe 5
Nyuzi nne zilizobaki zinalia bila kualikwa. Kinyozi alisema kidole cha shahada kizilalie kidogo, zinyamaze. Changu hakilali. Mwenyewe silali. Nikachukua koleo dukani nikazing'oa zote nne. Kimya kitamu. Dada akachungulia, akasema hilo si gitaa tena, ni manati.

Alhamisi, tarehe 6
Wimbo atakaoimba fundi una vituo vitatu tu vya mkono. Nimeviwekea alama shingoni kwa rangi ya kucha ya dada: nukta moja, nukta mbili, nukta tatu. Sasa napiga wimbo mzima. Vidole vinawaka moto. Siwezi kukaa, siwezi kusimama. Kazini nilikuwa napiga pawakodi kwenye kaunta huku napima misumari, mteja akaondoka na kilo mbili badala ya moja. Bosi ameniita majina. Angojee Jumamosi.

Ijumaa, tarehe 7
Spika ya kesho ni ya kinyozi. Nimempelekea gitaa aliunganishe na kulijaribu, nikamwachia. Akasema niondoe wasiwasi. Jamaa ananitengenezea jukwaa la kumshindia. Wajinga ndio waliwao.

Jumamosi, tarehe 8
Nyuzi sita. Mpya, zinang'aa. Kinyozi akaninong'oneza kwamba mpwa wangu alikuwa ameliharibu gitaa la watu, akaona nisiaibike. Ameweka nyuzi zote, na ule uchafu mwekundu shingoni ameusugua kwa spiriti ya kinyozi hadi ukatoka. Akasema hakuna haja ya kumshukuru. Sikumshukuru.

Fundi akaanza kuimba. Nikapiga. Nyuzi sita, kila moja na lake. Nikatafuta nukta, hakuna nukta. Nikasogeza mkono. Nikasogeza tena. Nilipanda shingo mpaka shingo ikaisha. Fundi alishanyamaza zamani. Nilipoacha, jasho linanitiririka, mzee mmoja akasema haya, spika iko sawa, sasa anza.

Kinyozi akalipokea gitaa. Vidole viwili vilevile. Watu wakacheza mpaka barabarani. Mimi nikaenda nyuma ya marobota ya vitambaa nikalia, nasema kweli.

Fundi akanikuta huko. Akaketi. Akaniambia miaka miwili kinyozi anampigia dirishani, na miaka miwili kichwa kinamgonga. Akasema hapa nyuma, mimi nikiwa kimya, ndipo alipopumzika leo. Niende kwake Jumapili ya wiki ijayo, si kesho. Niende mikono mitupu, nisilete gitaa wala nini. Tukae tu.

Jumatatu, tarehe 10
Nimeyapima maneno ya fundi tangu juzi. Kila mwenyeji mwenye adabu humwambia mgeni asilete kitu. Nani aliwahi kutii? Na gitaa kalikataa kwa haki, maana gitaa ni mambo ya kinyozi, limeshamchosha.

Nimelibadilisha kwa saksafoni. Kubwa, inafika magotini. Anayeijua nimemkosa, lakini ni kupuliza tu, na pumzi ninazo. Ukuta kati ya duka letu na chumba chake ni wa mbao. Naanza mazoezi leo mchana, apate kuzoea kabla ya Jumapili.